Mahali pa Kuweka Taa

Jua la saa sita Kharumwa husimama utosini. Tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na mtu akisimamishwa uwanjani saa hizo, macho yake huzama kwenye vivuli viwili, huku moramu ya barabarani ikimrushia wekundu chini ya kidevu. Wapiga picha tulioanza enzi za filamu, tukizunguka minadani na kwenye harusi, tulilikwepa jua hilo kwa kupiga asubuhi na jioni. Mimi nilitaka kupiga saa yoyote. Ndiyo sababu nikapanga chumba.

Kilikuwa chumba cha mlango mmoja, ukuta wa nyuma nimeupaka rangi ya bluu kwa ajili ya paspoti saizi. Picha hizo ndizo zilizonilisha, hasa baada ya mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Nyang'hwale ikawa wilaya na Kharumwa makao makuu yake. Walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji, vijana wenye fomu za chuo, wote walihitaji picha. Paspoti haina siri: taa mbili, kushoto na kulia, uso unasawazika, aje anayefuata. Nilizipiga kwa uangalifu, lakini jioni, mlango ukishafungwa, nilibaki na taa moja nikiihamisha huku na huko.

Kilichonifungulia njia ni pete. Sonara mmoja alitaka picha za kuwaonyesha wateja wake kwenye simu. Dhahabu iliyosuguliwa ukiipiga na fleshi uso kwa uso hutoka nyeusi, ina doa jeupe katikati. Hiyo ni kwa sababu haionyeshi sura yake, inaonyesha kilicho mbele yake, na mbele yake palikuwa na chumba chenye giza. Mwanga huruka kutoka juu ya dhahabu kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Nguvu ya taa, basi, ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Pete ilihitaji kitu kikubwa cheupe cha kutazamana nacho. Nikakata kitako cha ndoo nyeupe ya plastiki, nikaifunika pete, taa ikakaa nje ya ndoo, lenzi ikachungulia kutoka juu. Rangi ya dhahabu ikaiva. Kisha nikaingiza ubavuni kipande chembamba cha karatasi nyeusi, na ukingo wa pete ukajichora wenyewe.

Dhahabu ghafi sikuipiga. Mchimbaji aliyetoka duarani hapendi mali yake ibaki kwenye kamera ya mtu mwingine, na nadhani ana haki.

Mafuta ya alizeti na asali vilitaka kinyume chake, maana hivyo hupitisha mwanga. Nilikata kadi nyeupe kwa umbo la chupa, nikaisimamisha nyuma yake na kuimulika, na mafuta yakawaka kwa ndani.

Lakini kubwa nililolipata kwenye pete linahusu uso wa mtu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mtu mweusi aongezewe taa. Ukimwongezea, shati lake jeupe linaungua, paji la uso linapata doa, na mashavu bado yamelala. Ngozi nyeusi hujitokeza kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga unaopita juu ya shavu, kwenye mgongo wa pua, kwenye mfupa wa bega. Ipe kitu kikubwa cha kuakisi, uone. Nikatundika shuka jeupe ubavuni mwa mteja, taa ikiwa nyuma ya shuka, na poda nikaiweka kando. Aliyekuja amejipaka mafuta nilimwacha na mafuta yake, kwa kuwa ndiyo yaliyofanya kazi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwenye maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili mafundi wasawazishie rangi ngozi yake. Nyuso zetu hazikuwa kwenye kadi ile. Filamu ilipokuja kuboreshwa kwenye rangi za kahawia na nyeusi, miongoni mwa waliolalamika hadi wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hata hivyo watangulizi wetu hawakukaa kusubiri. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, Parekh akafungua ya kwake Mombasa miaka ya 1940, na nyuso walizozipiga kwa filamu nyeusi na nyeupe zina uhai mpaka leo. Walijua pa kuweka taa.

Kazi niliyoifikiria kuliko zote aliniletea mama mmoja mwenye watoto wawili, mdogo akiwa na ualbino. Miaka hiyo Kanda ya Ziwa watoto kama yeye walikuwa wakiwindwa. Wengine walifichwa ndani, wengine walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate ulinzi. Mama huyu alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Akaniambia, "Kaka, mmoja asimfute mwenzake."

Ukipimia mwanga kwa mdogo, mkubwa anazama gizani. Ukipimia kwa mkubwa, mdogo anaungua. Isitoshe, mwanga mkali huyaumiza macho ya mtoto mwenye ualbino, kwa hiyo fleshi haikuwa na nafasi. Kilichonisaidia ni kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: anachopata aliye mita 1 kutoka kwenye taa, aliye mita 2 hupata robo yake, na aliye mita 1.4 hupata nusu. Shuka kubwa huulegeza mpango huo, lakini haliuvunji. Nikamweka mkubwa karibu na shuka, mdogo upande wa mbali, uso wake ukimwelekea kaka yake, taa ikiwa mbali na macho yake. Mdogo akavua kofia yake pana bila kuambiwa. Nikapiga wakiwa katikati ya mazungumzo yao, na nyuso zote mbili zikatoka na mashavu, nyusi na macho yake.

Tangu siku hiyo nina alama mbili za chaki sakafuni, moja mita 1 na nyingine mita 1.4 kutoka kwenye shuka. Kijana anayekuja kujifunza kwangu humsimamisha mtu kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili, na kunieleza alichokiona shavuni, ndipo nimpe kamera.