Msasani na Adabu ya Redio Baharini

Ukisimama alasiri katika pwani ya Msasani, utaviona visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ngalawa za wavuvi, boti za watalii na, kwa mbali, meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini Dar es Salaam. Mabaharia wake wametoka Pemba, Tanga, India, Uchina na Ufilipino, na kila mmoja huzungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Je, huelewana vipi?

Huelewana kwa adabu. Katika redio ya baharini, mwitaji hutanguliza jina la chombo anachokiita, ndipo hutaja la chake. Kwa kuwa 15 na 50 hukaribiana kimatamshi katika Kiingereza, tarakimu hutamkwa moja moja. Mwaka 2001 Shirika la Bahari Duniani (IMO) liliidhinisha misemo sanifu ili lafudhi isizamishe maana. Hata mwito wa hatari, Mayday, asili yake ni Kifaransa, nao hurudiwa mara tatu.

Mvuvi aliyepatwa na dhoruba akipiga simu, humfikia mtu mmoja, tena mtandao ukiwepo. Akiita kwa chaneli ya 16, husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyo wazi. Basi vijana wetu wa pwani wafundishwe redio, wala wasionee haya lafudhi yao. Na mwenye kupiga soga katika chaneli hiyo atambue kwamba huenda anamzibia sauti mtu anayezama.