Pupa Bila Pupa

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unafuga, atawaza kuku, sungura, ama mbwa wa kubwekea wezi. Mimi nafuga viwavi. Si wengi: mwezi mzuri wanafika tisa, ndani ya mkebe wa aiskrimu uliofunikwa kwa kipande cha neti. Hawahitaji maji wala kelele. Wanachotaka ni majani tu, na majani, kwa ploti kama yetu, ni siasa.

Niliyeanza naye ni Papilio demodocus. Ushamwona, hata kama hukujua jina: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, na kwenye bawa la nyuma ana doa la buluu na jekundu kama jicho. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani ya mlimau, mdimu au mchungwa, yai dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi akitoka anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, kahawia na mabaka meupe. Ujanja huo unamsaidia, maana ndege gani atakula choo? Akikua anajivua ngozi mara kadhaa, na ya mwisho inakuwa kijani kama jani lenyewe. Mguse, anakutolea kitu chekundu chenye panda mbili nyuma ya kichwa, pamoja na harufu kali ya malimau yaliyooza.

Sasa, ploti yetu ilikuwa na mlimau mmoja tu, kwa ndoo ya rangi, na mwenyewe ni mama anayeuza chai ya tangawizi na limau pale getini. Asubuhi moja akanisimamisha.

"Kijana, hawa wadudu wako wananimalizia mti."

"Si wangu, mama. Wamekuja wenyewe."

"Na kila siku unawaamkia na simu, unawapiga picha? Ni wako."

Alikuwa ashanunua dawa ya kunyunyiza. Na alikuwa na haki. Mti ulikuwa mdogo, na kiwavi mkubwa anaweza kumaliza majani kadhaa kwa siku. Ningemwambia nini, kwamba mabawa yatakuwa mazuri? Uzuri hauingii kwa chai.

Nikakumbuka nilichosoma kuhusu Gede, kule pwani. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakati huo majirani wengi wa msitu walitaka sehemu yake ikatwe wapate mashamba. Ndovu na nyani wa msituni walikuwa wakiwaharibia mimea. Mradi haukuja na mahubiri. Uliwafundisha wakulima kulea vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Pupa hali, hatembei, kwa hivyo anaweza kufungwa vizuri, apande ndege, afike kabla hajatoka. Vipepeo wa kuzalisha na miche ya kuwalisha vinatoka msituni, basi msitu uliosimama ukaanza kuwa na faida kwa jirani yake.

Sikuwa na soko la Ulaya. Nilichukua malipo ya makala moja nikanunua miche miwili ya mlimau kwa wale jamaa wa kando ya barabara, nikaiweka mlangoni kwangu. Makubaliano: kila kiwavi nitakayempata kwa mti wa mama, namhamishia kwangu, na jani lake. Dawa ikapanda juu ya kabati. Mpaka leo haijafunguliwa.

Halafu ni kungoja. Kiwavi anajifunga kwa uzi kiunoni, anakuwa pupa, kijani ama kahawia kulingana na alipojishikiza, ananyamaza wiki mbili au zaidi. Inachekesha kwamba kwa Kiswahili pupa ni papara pia, na huyu ndiye kiumbe asiye nayo hata chembe.

Ndugu zangu, wakijua niliacha chuo, wanapenda kunigeuzia hii kuwa fumbo: ngoja tu, nawe utatoka na mabawa. Asanteni. Lakini anayefuga anajua kwamba pupa wengine hutobolewa tundu dogo na badala ya kipepeo wanatoka nyigu wadogo, ambao mama yao alitaga mayai yake humo. Mwezi uliopita nilipoteza watatu hivyo, kati ya tisa. Nyigu nao nikawafungulia dirisha. Wana kazi yao kwa huo mti.

Wa nne alitoka Jumamosi asubuhi, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Mama akaja na kikombe mkononi, akasimama hadi yakanyooka.

"Huyu ni wa mti wangu ama wako?"

"Wako, mama."

"Nilijua," akasema. "Amenona."