Difu ya Baba Mdogo

Yapo mambo ambayo mtu hudhani ni ya mafundi peke yao, kumbe ni ya nyumba nzima. Nililitambua hilo mwaka 2022, nilipokwenda Uingereza kwa masomo ya muda mfupi nikafikia kwa baba mdogo katika mji wa Coventry. Ugomvi nilioukuta katika nyumba ile haukuwa wa fedha, wala wa ulevi, wala wa mwanamke wa nje. Ulikuwa ugomvi wa difu.

Baba mdogo alizaliwa mwaka 1962. Ujanani alikuwa utingo wa lori la marehemu baba yangu, lililokuwa likipakia mboga na matunda Lushoto, likiteremka milima hadi Mombo, kisha likishika njia ya Dar es Salaam. Mwaka 1984 aliondoka nchini, akafanya kazi viwandani huko ugenini mpaka magoti yalipomlazimisha kupumzika. Miaka yote hiyo alikuwa na ndoto moja tu: kuwa na gari la mbio liitwalo AC Cobra.

Gari hilo nalo lilizaliwa mwaka 1962. Mmarekani mmoja, Carroll Shelby, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Le Mans mwaka 1959, aliafikiana na kampuni ya AC ya Uingereza kutia injini ya Ford yenye silinda nane ndani ya gari lao dogo na jepesi. Kabla muongo ule haujaisha, utengenezaji wake ulikoma. Yalitoka yapata elfu moja, na leo bei yake ni ya matajiri. Kwa sababu hiyo watu wa kipato cha kawaida hununua fremu na bodi ya kuigiza, kisha hutafuta injini, gia boksi na ekseli za magari makuukuu, na kuyaunga wenyewe.

Baba mdogo alikuwa ameunga kwa miaka tisa. Injini ya Ford ya lita tano na gia boksi ya gia tano alivitoa katika gari la Mustang. Ekseli ya nyuma aliitoa katika Jaguar. Sasa ilibaki kuamua difu. Juu ya meza ya gereji zilikuwapo mbili, zimesafishwa zikang'aa kama vyombo vya Idi. Moja ilikuwa ya 3.54, nyingine ya 2.88. Ilimpasa kuchagua kabla ya kufunga ekseli, maana kuifungua tena baadaye ni kazi ya siku nyingi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuingia chini ya gari, nieleze kidogo. Injini huzunguka haraka kuliko magurudumu. Nguvu yake hupita katika gia boksi, ikaenda katika propela shafti, ikaishia katika difu. Humo mna gia ndogo, pinioni, inayoisukuma gia kubwa, kraunwili. Namba 3.54 maana yake propela shafti huzunguka mara tatu na nusu na ushei ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari huondoka kwa nguvu na kupanda bila kusita, lakini injini hupiga kelele mapema. Ikiwa ndogo, gari huwa zito kidogo kuondoka, lakini huenda masafa marefu kwa utulivu.

"Nitafunga 3.54," alisema baba mdogo. "Wenyewe waliotengeneza Cobra walitumia namba hiyo katika baadhi ya magari yao. Nani mimi nibadili?"

Mama mdogo, aliyekuwa ameleta chai, aliweka sinia chini. "Baba watoto, funga upendayo. Mimi humo sipandi."

Baadaye jikoni alinieleza kisa. Alikuwa amefanya kazi ya usiku hospitalini kwa miaka mingi, na sasa masikio yake yana mvumo usiokoma. Kelele ya mfululizo humtesa. Binti yao anaishi Edinburgh, yapata kilomita 480 kutoka pale, na ndiko aliko mjukuu wao wa kwanza. Baba mdogo alikuwa ameahidi kwamba gari likikamilika watakwenda huko pamoja, wawili peke yao. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, miaka tisa baba yako mdogo amekuwa akiliuliza gari linataka nini. Mimi hajaniuliza hata siku moja."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya ufundi, lakini kuzidisha na kugawanya nilifundishwa shule ya msingi. Asubuhi nilimwomba baba mdogo tufanye hesabu, naye hakukataa. Tulipima mzingo wa gurudumu kwa utepe, tukapata mita 2. Ukomo wa mwendo katika barabara kuu za huko ni maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112. Kwa mwendo huo gurudumu lile huzunguka mara 933 kwa dakika.

Gia ya tano ya boksi yake ilikuwa 0.68. Kwa difu ya 3.54, injini ingezunguka karibu mara 2,250 kwa dakika muda wote wa safari. Kwa difu ya 2.88, ingezunguka karibu mara 1,830. Tofauti hiyo ya mizunguko zaidi ya 400 kila dakika, kwa saa tano au sita za njiani, si jambo dogo kwa mtu mwenye masikio mabovu.

"Na kuondoka je?" aliuliza. "Si litakuwa zito?"

Tukahesabu tena. Gia ya kwanza ilikuwa 3.35. Ukiizidisha kwa 3.54 unapata karibu 12. Ukiizidisha kwa 2.88 unapata 9.65. Gari lenyewe lina uzito wa kama tani moja tu, na injini ni ya lita tano. Kwa 12, magurudumu yangeteleza tu mahali pamoja, na gia ya kwanza ingemalizika kwenye kilomita 50 hivi kwa saa injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000. Kwa 9.65 ingefika kilomita 62. Nguvu ilikuwapo ya kutosha na kubaki.

Ndipo jambo moja lilipotudhihirikia sote wawili. Magari yale ya kwanza yalikuwa na gia nne tu, na gia ya nne ilikwenda moja kwa moja, bila kupunguza mizunguko. Kwa difu ya 3.54, kilomita 112 zingeyadai mizunguko kama 3,300. Waliotengeneza walichagua namba iliyofaa boksi yao na mashindano yao. Baba mdogo alikuwa anaiga namba bila kuiga sababu ya namba.

Alikaa kimya kwa muda, kitambaa cha mafuta mkononi. Kisha akaanza kunisimulia habari za baba, ambaye tulimzika mwaka 2016 naye asipate nafasi ya kuja.

"Lori la kaka lilikuwa na difu ya namba kubwa," alisema. "Tukifika tambarare, kila gari linatupita. Madereva wakituita kobe. Mimi kijana naona haya. Siku moja nikamwambia, kaka, tubadili difu nasi tukimbie. Akanijibu, 'Lori hili nimelinunulia mlima.' Na kila tulipotaka kuteremka kutoka Lushoto alisimama kwanza, akatia gia ile ile aliyopandia, ndipo akaachia breki. Alikuwa akiniambia, 'Kabla hujatia gia, tazama njia, tazama mzigo, tazama aliyekaa kando yako.'"

Akainuka, akaenda mlangoni, akaita, "Mama watoto! Hebu njoo."

Mama mdogo alikuja akikausha mikono. Baba mdogo akamwonyesha difu zote mbili, akamweleza kama nilivyokueleza wewe, msomaji. Hakumficha ubaya wa ile ya 2.88: chini ya mwendo wa kilomita 90 hivi gia ya tano haitafaa, injini itatetemeka, na kilima kikiwa kikali itabidi kurudi gia ya nne. Wala hakumficha kwamba upepo wa gari la wazi hauna difu ya kuupunguza.

"Upepo nitajifunga kilemba," alijibu mama mdogo. Kisha akaigusa ile ya 2.88 kwa kidole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Hii ndiyo ya kwenda kwa mjukuu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi funga hiyo."

Sikuwapo gari lilipopita ukaguzi wa serikali ya huko. Lakini katika kiangazi cha mwaka 2023 baba mdogo alinipigia simu kutoka Edinburgh. Nilimsikia mtoto akicheka kwa nyuma, na mama mdogo akilalamika kwamba nywele zake zimekuwa kichaka. Kuhusu masikio hakusema neno. Baba mdogo alikiri kwamba vijana wawili waliwapita njiani, wakawapungia mkono kwa dharau. "Nikamkumbuka kaka," alisema.

Nami nilipokata simu ile ilikuwa jioni ya Jumapili, niko ofisini, kama nilivyokuwa Jumapili nyingi kabla yake. Nilikuwa nikijiambia kwamba najitahidi kwa ajili ya mke wangu na watoto. Nikakumbuka kwamba ni muda mrefu sijawauliza wao wanakwenda wapi. Nilifunga kabati, nikashika njia ya nyumbani, na usiku ule nikauliza.