Kamba Ina Ncha Mbili

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa likizoni kwao Tulia, Kitui, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini hakuielewa barabara hadi alipofunzwa na mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Simba. Kama walivyo mbwa wengi wa Ukambani, mchana alilala kivulini mwa ghala, usiku akabweka, wala hakuwahi kufungwa kamba. Mwaka uliotangulia, maafisa wa mifugo walipokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, mwanafunzi alimtia kamba ya katani shingoni, akamkokota. Alipovuta, Simba naye alivuta. Fundo likajikaza, mbwa akakoroma. Mwishowe akarudi kinyumenyume, akachomoa kichwa na kutokomea vichakani. Alirejea jioni bila chanjo.

"Mjukuu wangu," susu yake alimwambia, "watoto wa nyumba hii humtia mikono kinywani. Akipatwa na kichaa, tutamwambia nani pole?"

Susu hakutia chumvi. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufa. Na takribani asilimia 99 ya maambukizi hutokana na mbwa. Ndiyo maana mkakati uliozinduliwa nchini Kenya mwaka 2014 ulilenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hata hivyo, asilimia hiyo hujengwa na mbwa mmoja mmoja, na kila mmoja sharti afikishwe kituoni.

Safari hii mwanafunzi alianza wiki tatu mapema. Alitafuta ukanda mpana wa ngozi, akaukaza kiasi cha kupitisha vidole viwili: ukilegea zaidi mbwa huchomoka, ukikazwa zaidi humkaba. Mkanda wa kifuani, usiogusa koo kabisa, ungefaa zaidi, ila hakuupata sokoni. Jirani alimshauri atumie mnyororo wa kujikaza. Alikataa, kwani mnyororo huo hufundisha kwa maumivu, nao waweza kuliumiza koo. Isitoshe, mbwa aliyejawa na hofu ni mwepesi wa kuuma.

Simba alipovuta, yeye alisimama tuli mithili ya mbuyu. Kamba ilipolegea, walisonga mbele, na Simba akapewa kipande cha ugali. Hapo ndipo mwanafunzi alipong'amua kosa lake. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta humfikisha aendako. Na akivutwa, hukaidi. Kamba ina ncha mbili, na mwaka uliotangulia zote mbili zilikuwa zikivuta.

Siku ya kwanza hawakufika hata langoni. Wiki ya pili walifika barabarani.

"Tulia!" mwanafunzi alizoea kumwamrisha.

Susu aliangua kicheko. "Amezaliwa Tulia, lakini Kiswahili hakijui. Mwambie 'ũka'."

Aliambiwa kwa Kikamba, akaja.

Siku ya chanjo, uwanja wa shule ulijaa vumbi, mibweko na kamba zilizokazwa. Mzee mmoja alikuwa akimburuta mbwa wake kwa waya. Simba alitetemeka, lakini aliketi. Sindano ilipotoka, mwanafunzi alifungua kiganja; Simba akala ugali, kisha akaendelea kukilamba kiganja hata baada ya ugali kwisha.

Susu alipokea cheti, akakikunja mara mbili na kukifunga katika pindo la leso yake. Kisha akaomba ashike kamba yeye mwenyewe hadi nyumbani.