Mti Mdogo kwa Uwanja Mdogo

Msafiri afikaye Lubumbashi mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, huukuta mji umevaa zambarau. Mijakaranda ya barabara kubwa imejaa maua, na yale yaangukayo hutandika njia kama mkeka. Baadaye kidogo, mvua zikikaribia, miflamboyanti nayo huwaka nyekundu. Mgeni husimama, hutazama juu, na kusema moyoni: Nami nitapanda mti kama huu nyumbani kwangu.

Wasomaji wapenzi, sisi pia tulisema hivyo. Siku moja tulirudi Katuba kutoka katikati ya mji, na mbegu za flamboyanti zimo mfukoni. Uwanja wetu una hatua 15 kwa 20 tu, na ndani yake mna nyumba, jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Kifungua mimba wetu alikuwa amezaliwa juma lile lile. Tukaotesha mbegu, na mche tukaupanda hatua 3 kutoka ukutani, ili mtoto na mti wakue pamoja. Naam, walikua. Lakini mtoto alikua kwa kipimo cha nyumba, na mti ulikua kwa kipimo cha barabara.

Flamboyanti asili yake ni Madagaska. Hufika mita 10 na zaidi, na matawi yake hutanuka kama mwavuli kupita kimo chake. Mizizi yake mingi haishuki sana, bali hutambaa karibu na uso wa nchi kutafuta maji. Mwaka wa tisa tuliona ufa mwembamba chini ya dirisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba ufa kwa saruji, ila sababu yake tuliiacha imesimama nje ikichanua.

Ndipo alipokuja jirani yetu, mama mjane mwenye heshima zake. Alisalimu, akaketi, akasema kwa upole: “Mwalimu, mti wako ni mzuri. Lakini mizizi yake imeingia kwangu bila kupiga hodi. Sakafu ya jiko langu imeinuka.” Tulikwenda kutazama, tukaona ni kweli. Hatukuwa na la kujibu.

Mwezi wa nane tuliukata. Mtoto wetu hakulia. Aliketi juu ya kisiki, akauliza: “Baba, sasa mwenzangu ni nani?” Swali lile lilituuma kuliko gharama ya sakafu, ambayo tulikuwa tumekwisha kuilipa.

Basi tulimshika mkono tukaenda naye kwa wauza miche kando ya barabara. Hapo tulitambua kosa letu la kwanza: katika kopo kila mche ni mdogo. Jakaranda atakayefika mita 10 au 15 hulingana na kichaka kitakachoishia kimo cha mlango. Kwa hiyo usiulize tu maua yake ni ya rangi gani. Uliza pia: mti huu ukikomaa utafika wapi, juu, kando na chini?

Tulitazama kwanza franjipani. Hukua polepole, na harufu yake jioni ni tamu. Tena hupandwa kwa kukata tawi, kuliacha kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha kulichomeka ardhini. Lakini utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kudhuru macho, nasi tuna watoto wadogo. Tukauacha.

Kisha mtoto akaonyesha mche wenye majani membamba aliyoyafahamu. “Baba, huyu si ndugu yake?” Alikuwa amesema kweli. Ulikuwa flamboyanti ndogo, wa jamaa moja na ule mkubwa, ila asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika kwa neno la Kilatini pulcherrima, maana yake mzuri kupita yote. Kwa kawaida kimo chake ni mita 2 au 3. Maua yake ni mekundu yenye ukingo wa njano, na vipepeo huyapenda.

Nao una masharti yake. Hutaka jua tele na udongo usiotuamisha maji. Matawi yake yana miiba, basi usiupande penye mapito. Mbegu zake si chakula, na watoto yafaa waonywe. Mwisho wa kiangazi uukate matawi kwa kiasi, kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Samaki mkunje angali mbichi: mti uliozoea kisu tangu ujana hubaki na umbo jema.

Tuliupanda mvua za kwanza zilipoanyesha, mbali na ukuta, na mtoto mwenyewe akaumwagilia kila ulipokosa mvua. Kabla ya kutimiza miaka 2 ulichanua. Maganda yake yakikauka hupasuka kwa mlio na kurusha mbegu, na chache ziliruka ua zikaanguka kwa jirani. Tulipomwona yule mama anakuja, tulitazamana kwa hofu.

“Mwalimu,” alisema, akifungua kiganja chenye mbegu tatu, “hizi nizipande vipi?”

Mtoto wetu ndiye aliyemjibu: “Ziloweke kwanza usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, Mama. Kisha tutakuja kukuonyesha mahali.”