Dada Hakutaka Nafasi ya Kupewa

Ubishi ulianzia chumbani kwetu hosteli, usiku umeme umekatika na simu moja tu ndiyo ina chaji. Mwenzetu mmoja alikuwa anatuonyesha video za HYROX. Kama hujawahi kuziona, mchezo wenyewe uko hivi: unakimbia kilomita 1, unafanya kazi moja ya nguvu, unakimbia tena kilomita 1, unafanya kazi nyingine, mpaka zitimie kilomita 8 na kazi 8. Kuna kusukuma mzigo mzito unaoburuzika sakafuni, kuna kupiga kasia kwenye mashine mita 1,000, kuna kubeba vyuma viwili mikononi mita 200, na mwisho kabisa kurusha mpira mzito ukutani mara 100. Mashindano haya yalianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Wanawake wa juu kabisa wanamaliza yote hayo chini ya saa moja.

Basi tukaanza kupanga orodha. Nani mwanamke namba moja? Mmoja akamtaja Lauren Weeks wa Marekani, kwa kuwa amekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Mwingine akasema ubingwa wa jana ni wa jana: 2024 kule Nice alishinda Megan Jacoby, na 2025 kule Chicago akashinda Linda Meier wa Ujerumani, kwa hiyo Meier ndiye wa kwanza mpaka atolewe. Mimi nikauliza tunapima nini hasa: mataji, muda bora, au nani kamshinda nani uso kwa uso? Wenzangu wa ualimu mnalijua hilo. Kama huwezi kusema unapima nini, usitoe namba.

"Na Mtanzania je?" mtu akauliza gizani.

Wa HYROX sikuwa naye, nikahamia riadha. Nikamtaja Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin Marathon Septemba 2023 kwa saa 2:18:41, mbio zilezile ambazo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53. Nikamtaja Theresia Dismas, aliyeleta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 1965. Halafu, sijui nilipatwa na nini, nikasema: "Ila namba moja wangu mimi ni dada yangu wa Serengeti. Anabeba maji kila siku. Hao wa kwenye video wangeona moto." Chumba kizima kikapiga makofi. Nikajisikia nimesema jambo la maana.

Dada huyo ni mtoto wa baba mkubwa. Tumekulia boma moja Tarime, amenizidi mwaka mmoja. Utotoni sikuwahi kumshinda mbio, hata siku moja. Tukitumwa dukani alikuwa anafika, ananunua, na ananikuta njiani wakati anarudi. Alipokuwa darasa la sita alikimbia kwenye UMITASHUMTA ngazi ya kata akawa wa kwanza. Hakuna aliyeandika muda wake. Walimpa daftari mbili na sabuni.

Desemba 2016 ulikuwa msimu. Wa kwetu hamhitaji maelezo. Kwa wengine, ni msimu wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18, lakini siku zile ngoma zilipita barabarani mchana kweupe. Mimi baba alinipeleka Musoma kwa shangazi wiki mbili kabla. Dada hakuwa na wa kumpeleka. Kulikuwa na nyumba salama Masanga na nyingine Mugumu, na wasichana walikuwa wanatoroka usiku kwenda huko. Yeye, mwenye mbio kuliko sisi wote, hakutoroka. Aliniambia baadaye kwamba alijua angefika, ila hakujua angerudi kwa nani. Alimaliza darasa la saba, akaolewa wilaya ya Serengeti, kijiji cha nje kidogo ya Mugumu. Mimi nikaendelea na shule. Nilipofika kidato cha tatu nilikimbia UMISSETA ngazi ya wilaya nikawa wa kwanza, na nilipovuka mstari niligeuka nyuma kumtafuta, kwa mazoea tu.

Mwaka jana nilipangiwa mafunzo kwa vitendo karibu na Mugumu. Nikapanda gari Tarime, tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, na Jumapili ya kwanza nikaenda kwake. Ana watoto wawili. Tukala ugali wa muhogo na dagaa, tukacheka sana. Nikamsimulia ule ubishi wa hosteli, nikamalizia na sehemu yangu tamu: kwamba nilimweka namba moja.

Hakucheka. Akauliza, "Ulinipima lini?"

Nikasema ni heshima tu, dada.

"Hao wengine walipimwa?"

"Walipimwa."

"Basi na mimi nipime. Mimi siyo marehemu wa kusifiwa."

Niliona aibu mpaka masikioni. Kumbe ile sifa yangu ilikuwa huruma iliyovaa nguo za sherehe. Kubeba maji hakumfanyi mtu bingwa. Hakuna mstari wa kumalizia, kesho unabeba tena, na hakuna anayekuuliza kama ulipenda. Pale Serengeti tangu 2018 kuna Serengeti Girls Run, mbio za wanawake pekee katika eneo la Grumeti, za kuchangia wasichana wa huko. Dada aliwahi kusikia habari zake. Alichonijibu ni kwamba yeye hajawahi kuchangiwa wala kushindana, na kama ni kuchagua, angechagua kushindana.

Tukapanga kozi yetu. Kilomita 1 kwenda na kurudi njia ya shule, nikaipima kwa simu. Halafu mita 200 za kubeba madumu mawili ya lita 20, yaani kilo 20 kila mkono. Kwenye HYROX wanawake wa daraja la kawaida wanabeba kilo 16 kila mkono, na wale wa daraja la juu kilo 24, kwa hiyo tulikuwa katikati. Mita 200 tulizipima kwa kamba ya mita 20 mara 10. Halafu kilomita 1 nyingine. Dada akauliza kwa nini asiweke dumu moja kichwani kama alivyozoea. Nikamwambia kanuni ni mikononi. Akasema sawa, kanuni ni kanuni. Mtoto wa jirani wa darasa la sita akashika simu. Mimi nilivaa raba, yeye yeboyebo. Nilitaka kuvua raba, akanikataza: "Usinisaidie."

Kilomita ya kwanza nilitumia 4:50, yeye 5:31. Kwenye madumu aliniaibisha. Mimi niliyaweka chini mara tano, vidole vimekufa ganzi, nikatumia 4:10. Yeye hakuyaweka chini hata mara moja: 2:38. Tukaanza kilomita ya mwisho yeye yuko mbele, nami nauona mgongo wake kama zamani tukitumwa dukani. Nilimpata karibu na mti wa mwisho. Nilimaliza kwa 14:05, yeye 14:14.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumshinda, na sikujua niweke wapi uso wangu. Yeye alikaa chini, akahema, akauliza, "Umenipita kwa ngapi?"

"Sekunde tisa."

"Tisa tu?" Akaingia jikoni, akachukua mkaa, akaandika 14:14 ukutani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama orodha kwa jicho jingine. Ubishi kuhusu Weeks, Jacoby na Meier ni mzuri, na niko tayari kuurudia hata usiku wa leo. Lakini orodha yoyote inawahesabu waliofika mstari wa kuanzia tu. Sisi tunaokwenda kufundisha ndio tutakaoshika saa kwenye michezo ya shule. Binti wa darasa la sita akiwa wa kwanza, andika muda wake na umpe kwenye karatasi. Na Desemba ikikaribia, jua yuko wapi.

Mwezi uliopita dada alinitumia ujumbe: "13:58. Madumu sikuweka chini. Uje."

Jina lake nimelifuta kwenye ile orodha ya hosteli. Kwa ujumbe huo ameshanipita kwa sekunde saba, lakini alijipima mwenyewe, na kanuni ni kanuni. Likizo ikianza tu napanda gari la Mugumu. Wakati huu naenda na raba mbili.