Nairobi Ikipata Expo, Nani Atabaki na Nini Siku ya 183?

Tangu Riyadh ishinde kuandaa Expo 2030, kuna swali halikosi kwa makundi yetu ya WhatsApp: "Na Nairobi je? Sisi lini?" Kura zilipigwa tarehe 28 Novemba 2023. Riyadh 119, Busan ya Korea Kusini 29, Rome 17. Yaani Riyadh ilifagia. Osaka nayo ilipofunga milango Oktoba 2025, swali likarudi na nguvu mpya.

Mimi pia nataka. Wacha niseme hivyo mapema ndio msianze kuniita adui wa maendeleo. Nataka siku moja mtoto wa Umoja apande mat aende kuona banda la Japani na nauli ya soo moja. Lakini kabla tuitishe, naomba tuangalie siku moja ambayo hakuna mtu huiongelea: ile ya kwanza baada ya sherehe kuisha.

Kwa wale hawajawahi kufuatilia hizi vitu: chukua ASK Show ya Jamhuri Park, alafu uipanue mpaka iwe mji mzima. Mabanda si ya kaunti na kampuni za mbegu, ni ya nchi. Na haiishi kwa wiki, inaenda miezi sita. Zile kubwa huja kila miaka mitano, na anayesimamia ni shirika la Bureau International des Expositions, liko Paris. Nchi wanachama ndizo hupiga kura. Hadi leo hakuna jiji la Afrika limewahi kupewa. Tangier ya Morocco ilikaribia: mwaka wa 2007 iliomba yale maonyesho madogo ya 2012, ikashindwa na Yeosu kwa kura 77 dhidi ya 63. Kura kumi na nne tu!

Na historia yetu huko ni chungu. Brussels, 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Congo, waandaaji waliweka Wakongo ndani ya kijiji cha kuigiza ili wageni wawaangalie. Kuna wageni waliwarushia ndizi. Wale Wakongo walichoka na hiyo dharau, wakafunga virago wakaenda zao. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa nini mtoto wa Afrika anatamani kuwa mwenye nyumba badala ya kuwa kitu cha kutazamwa, jibu ni hilo.

Expo iliyo karibu na mimi ni ya Dubai. Ilipangwa kuwa 2020, korona ikaisukuma, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021 na kufungwa tarehe 31 Machi 2022. Nchi 192, kila moja na banda lake. Watu waliingia zaidi ya mara milioni 24. Binamu yangu alikuwa pale langoni, na sare ya soja. Nyumbani walikuwa wameuza ng'ombe wawili ndio walipe ajenti, na mshahara aliopata huko haukuwa ule ajenti aliahidi. Shifti ni masaa kumi na mbili, miguu imevimba, lakini pesa ya fees ya wadogo wake ilikuwa inaingia.

Siku moja akiwa off akaingia kama mgeni. Akanitumia video ya kuba la Al Wasl usiku, mita 67 kwenda juu, mapicha makubwa yakizunguka juu yake. Alafu voisi ikafuata: "Kasee, nimeona bendera yetu huku, nikasimama wima kama niko Nyayo siku ya Madaraka." Nilicheka sana. Baadaye ikanikaa vibaya. Huyu jamaa anafungulia maelfu ya watu mlango kila siku, na yeye ameona ndani kwa masaa machache tu ya siku yake ya kupumzika. Na kuna wale hawakuona kabisa. Waandaaji wenyewe walisema wafanyakazi watatu walifariki kwenye ujenzi na zaidi ya 70 wakaumia vibaya.

Sasa turudi huku kwetu, miezi hiyo hiyo. Mimi nakaa Pipeline, na Mukuru kwa Njenga ni hapo tu. Oktoba na Novemba 2021, wakati dunia inapiga selfi Dubai, tingatinga ziliingia Mukuru kupisha barabara. Maelfu ya watu walibaki nje, wengine wakifunga maturubai na kulala juu ya vifusi vya nyumba zao, na mvua inanyesha. Hapo hakukuwa na Expo. Ilikuwa barabara tu.

Ndio maana mimi huanza na ardhi. Dubai ilitumia hekta 438 za jangwa. Osaka ilienda kwa kisiwa cha kutengenezwa, Yumeshima. Shanghai mwaka wa 2010 haikuwa na nafasi kama hiyo. Iliweka maonyesho kando ya mto Huangpu, katikati ya jiji, na familia karibu 18,000 zikahamishwa. Nairobi inafanana na nani hapo? Fungua ramani. Utaona Mbuga ya Kitaifa, ambayo reli ya SGR tayari inapita juu yake. Utaona Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka wa 1999. Ukitoa hizo, kinachobaki ni mtaa wa watu. Na unajua huwa wanachagua mtaa gani.

Mamangu huwa anasema nyumba hupakwa rangi wageni wakija. Ni ukweli, na hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuandaa kitu kikubwa: tarehe ikishawekwa, hakuna tena "tutaona". Dubai ilirefusha reli ya metro mpaka kwa Expo, na watu bado wanaipanda. Sisi wenyewe tuna Kasarani, iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Agosti 2025 tuliijaza kwa CHAN, karibu miaka arobaini baadaye. Hiyo ni rangi imeshika.

Lakini pia tunajua ile rangi nyingine. Mkutano mkubwa ukikuja Nairobi, mashimo yanazibwa usiku mmoja, maua yanapandwa, na mama wa mahindi choma anafukuzwa asionekane kwa kamera. Wageni wakipanda ndege, maua yanakauka na mama anarudi kuanza na zero.

Maonyesho ya kwanza kabisa ya aina hii, London 1851, yanatupa somo hapa. Kulikuwa na siku za shilingi moja, ndio mtu wa kiwanda pia aingie. Waliingia watu zaidi ya milioni sita. Ikabaki faida ya pauni 186,000, wakanunua ardhi South Kensington. Leo hapo kuna makumbusho makubwa ambayo mtu anaingia bure. Lile jumba lenyewe la vioo lilihamishwa, likaungua mwaka wa 1936. Watu hawakulipoteza lile la maana, juu hesabu ya baadaye ilikuwa imefanywa.

Kwa hivyo siku mtu atasimama na suti aseme Nairobi inaomba Expo, nitapiga makofi, alafu nitainua mkono. Ile ya Dubai ilidumu siku 182. Kabla mnionyeshe video ya droni na muziki wa kusisimua, nipeni ukurasa wa siku ya 183. Familia gani zinahama, zinahamia wapi, na hizo nyumba mpya zimejengwa tayari ama bado ni michoro? Mabanda yakiachwa, yanakuwa hosteli, zahanati ama godown ya mtu mmoja? Tiketi ya mwanafunzi ni ngapi? Soja wa langoni analipwa ngapi, na analipwa na nani?

Binamu yangu alirudi, saa hii ana boda Kitengela. Nilimuuliza kama angetaka Expo ije hapa. Hakufikiria hata. "Ije. Mimi narudi langoni, kazi naijua," akasema. "Lakini hii ya kwetu, niingie na watoto wangu, na sio siku ya off peke yake."

Mimi sina bei kubwa kuliko hiyo. Wakiweza kumlipa huyo, tuitishe hata kesho.